Jina Lile Lile, Sura Nyingine

Nilikosea, na kosa ni langu, sitamsukumia mtu. Naandika bila jina kwa sababu mwenye haki ya kunitaja yuko Alief, hapa hapa Houston, na simu zangu hapokei.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilikuwa namtunza bibi mmoja wa Kijapani, Sugar Land, nje kidogo ya Houston. Mimi Jumatatu hadi Ijumaa. Wikiendi alikuwa Mama Furaha, Mkongo, tunasali pamoja. Sina gari. Jumapili akitoka zamu ananipitia, tunaenda ibadani.

Ukumbini kwa bibi kulikuwa na picha za zamani, zilizochapwa kwa vibao vya mbao: waigizaji wa Kijapani, macho makali, kanzu pana kama mapazia. Bibi alinionyesha mmoja, jina lake pembeni, na alama ya familia kwenye mkono wa kanzu, majani matatu ndani ya duara. Nikavinakili kwenye daftari langu. Kila siku nilimfuta vumbi yule bwana, pua ndefu, kidevu kama kisigino.

Jumatatu moja nikakuta jina lile lile, alama ile ile, pua fupi.

Nikafungua daftari, nikalinganisha mstari kwa mstari. Maandishi sawa, sura siyo. Nikajiambia, ya kweli imeondoka, hii ya bandia. Na nani alikuwa hapa jana? Nikaukumbuka mkoba mkubwa wa Mama Furaha. Jana yake nilipotaka kuupakata garini alisema, "Acha, dada, iko muzito." Niseme haki: mkoba ule alikuwa nao tangu nimjue.

Bibi alikuwa amelala. Ningeweza kumngoja. Nikampigia binti yake, anayekaa mji wa jirani, Katy. Simlaumu, aliamini nilichomwambia. Mama Furaha akaambiwa asirudi.

Bibi alipoamka nikamwonyesha ile pua. Akacheka mpaka akakohoa.

"Huyu ni mtoto wake."

Kwao, akasema, mwana hurithi jina la baba jukwaani pamoja na alama, na mjukuu vivyo hivyo. Picha ya baba iko kwenye droo. Mwanga hupausha rangi, kwa hiyo picha hupumzishwa kwa zamu.

"Nilimwomba Mama Furaha anibadilishie. Kwani vipi?"



Na mimi ni wa kushindwa kuelewa hilo? Nina jina la bibi mzaa baba. Baba yangu mzazi aliniita mama, akanipisha kiti nikiwa mtoto. Jina moja, sura mbili, na hakuna aliyesema bibi yangu kaibiwa.

Nilimweleza binti ukweli, akamwomba radhi Mama Furaha. Kazini hakurudi. Nikaenda kwake na daftari, nimwonyeshe nilivyonakili. Hakulitazama.

"Kila Jumapili tunakaa mu gari moja, dada. Juu ya nini haukuniuliza?"

"Niliogopa."

"Uliogopa kuniuliza, haukuogopa kunisema. Ungefungua tu ule mukoba. Iko viatu yangu ya kanisa."

Jumapili bado najiandaa mapema. Gari lake naliona likipita, halipunguzi mwendo.

Wewe unayesoma, ukimshuku mwenzako, muulize yeye kwanza, mkiwa mmekaa bega kwa bega. Daftari langu lilikuwa sahihi kila mstari, na bado nilimsingizia mtu.