Mgongo wa Ouma kwa Jina Langu

Nacheka sasa, lakini siku ile, jamani, nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na mpaka leo nikisimulia kuna mahali najichanganya mwenyewe, kwa hiyo mnivumilie.

Nilikuwa nimeitafuta kazi ya kupakia simenti Tororo mpaka mke wangu akachoka kuniuliza, na hatimaye wakaniita, ila kabla ya kuajiriwa lazima upigwe eksirei ya kiuno, na mgongo wangu ulikuwa unaniuma kila asubuhi. Sasa sisi wa Busia tumezoea, mzigo ukikushinda mpakani unampa mtu akuvushie. Nikawaza, kwani mgongo nao si mzigo tu? (Akili zangu hizo!) Nikamwomba rafiki yangu Ouma, anayebeba magunia ya mahindi mpakani kama mito ya kulalia, aingie chumba cha picha hospitalini kwa jina langu. Akapigwa picha na msaidizi wa daktari, akatoka, akaenda kutafuta chai, mimi nikabaki kwenye benchi na waombaji wenzangu.

Mara daktari akatokea na picha mkononi. "Wandera!" Mdomo wangu, kusikia jina langu, ukaitika wenyewe.

"Wandera, usiogope. Hii mfupa yako ya mgongo, huku chini, haijafunga, ulizaliwa hivyo. Watu mingi wanaomba kazi hapa iko nayo na hawajui. Haikatazi kazi. Lakini kuja, napiga tena nihakikishe."

Kabla sijajua nifurahi au nilie, nilikuwa nimeshalazwa mezani. Picha ya pili ikatoka safi, mfupa umefunga vizuri kabisa. Daktari akazilinganisha, akazigeuza, akamwita nesi, na nesi (mlokole yule) akapiga kelele, "Bwana asifiwe, imepona!" Benchi zima likajaa mlangoni, wakaanza kuimba, wananiambia nitoe ushuhuda, na mimi, sijui nilipatwa na nini, nikainua mikono juu.

Ndipo Ouma akarudi na vikombe viwili, akauliza kuna nini, akaambiwa mfupa wa Wandera ulikuwa haujafunga. Chai yote chini.

"Ngoja! Ile mgongo ni yangu! Daktari, mimi nakufa?"

Wimbo ukakatika. Daktari alicheka mpaka akajifuta macho, akamwambia Ouma hafi, aendelee kubeba. Msimamizi wa kiwanda, aliyekuja na sisi, hakucheka hata kidogo. Akamtazama Ouma kuanzia miguuni. "Wewe umesema ukweli. Unataka kazi?" Mimi akanionyesha geti.

Basi Ouma mwenye mfupa wazi anapakia simenti Tororo, na mimi mwenye picha safi niko nyumbani, mgongo bado unauma, na mke wangu anauliza mgonjwa ni nani kati yangu na Ouma. Ila nimeapa, siku nyingine nikiitwa kupimwa, mgongo wangu naupeleka mwenyewe.