Ubeti wa Penseli

Watu wakiniuliza shahada yangu ya pili niliisomea nini, siku hizi nasema "lugha" na kubadilisha mazungumzo. Ukweli ni kwamba nilisomea madaftari ya mashairi ya Waingereza waliokufa miaka mia nne iliyopita. Nilikaa miaka miwili hapa hapa Songea, sebuleni kwa mama yangu Majengo, nikikodolea macho kompyuta yenye picha za kurasa walizoandika kwa mkono. Kila nikikumbuka, hasira hunipanda upya, kwanza juu yangu mwenyewe, kisha juu ya kila aliyenipongeza.

Niseme kwanza madaftari hayo yalikuwa nini, maana hata walimu wenzangu hawakuwahi kuelewa. Enzi hizo mitambo ya kuchapa vitabu ilikuwepo, lakini Waingereza wengi wenye elimu waliona kuchapisha mashairi ni kujianika. Mtu aliandika beti zake kwenye karatasi akampa rafiki. Rafiki alizinakili kwenye daftari lake, akaliazimisha kwa binamu, naye binamu akanakili zilizompendeza, akabadili neno lililomkera, akaruka ubeti asioupenda na kuongeza wa kwake. Majina ya watunzi yalipotea njiani na hakuna aliyejali. Katikati ya mashairi ya mapenzi unakuta dawa ya kikohozi na orodha ya shuka za kufua. Leo madaftari hayo yamewekwa kwenye vyumba vyenye ubaridi wa kupimwa, na anayetaka kufunua ukurasa huangaliwa mikono kwanza.

Msimamizi wangu wa chuo alinifundisha kanuni moja, akairudia mpaka nikaiota: usisahihishe. Mnakili akikosea, nakili kosa lake. Akitia doa la wino, andika kwamba pana doa. Nilimwelewa vizuri sana. Sura yangu ya tatu, kurasa ishirini na mbili, ilihusu mistari sita iliyoandikwa pembeni mwa ukurasa mmoja na mkono usiojulikana, pengine wa mwanamke, kwa mwandiko wa mtu asiyezoea kalamu. Nilimtetea mwanamke yule kana kwamba ni ndugu yangu wa damu. Niliandika kwamba anayemwita mchafuzi wa ukurasa hajui kusoma. Nikapewa alama ya juu.

Wakati nayaandika hayo, daftari la mama yangu lilikuwa kwenye kabati la vyombo, hatua tatu kutoka kwenye kiti nilichokalia.

Mama alizaliwa Namasakata, upande wa Tunduru, akaolewa na kuletwa Songea angali msichana. Daftari lake ni kaunta buku kubwa la jalada gumu, limeshonwa upya mara mbili kwa uzi wa gunia. Alilianza kwa mashairi aliyoyasikia redioni, akiandika mbiombio na kujaza ya kwake pale mkono uliposhindwa kufuata sauti. Baadaye wanawake wenzake waliotoka Tunduru, wanaoishi Majengo na mitaa ya jirani, wakaanza kuliazima: mwenye harusi ya binti, mwenye maulidi, mwenye mwali anayetoka unyagoni. Kila mmoja alinakili alichotaka. Nao walikuwa na desturi yao, kwamba daftari halirudi mikono mitupu. Ukilichukua, sharti uache ubeti wako, wa kulijibu shairi ulilonakili au wa kulichokoza. Na jina huandiki. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza mama kwa nini, akasema jina likiwepo mume atauliza, jirani atauliza, halafu mwanamke ataanza kuandika ya kusifiwa. Wenyewe walijuana kwa mwandiko.

Sasa mtu mwenye akili timamu, aliyetumia miaka miwili kusoma habari za watu walioazimana madaftari na kuongezeana beti bila majina, angeruka kwa furaha. Mimi nililiona lile daftari kila siku nikitafuta vikombe, na sikuona kitu. Mashairi ya kina mama, basi. Hiyo ndiyo elimu niliyopata.

Mwaka juzi kaka yangu mkubwa, anayenunua korosho Tunduru na ambaye msimu ukimwendea vizuri hupenda watu wote wajue, alikuja na wazo. Mama anatimiza miaka themanini, tumtolee kitabu. Jina lake juu, picha yake mbele, pilau, wageni.

"Wewe ndiye msomi," akaniambia. "Kisafishe kidogo."

Tulimwomba mama ruhusa. Akalipapasa jalada, akasema, "Mkilichapa, mchape na wenzangu." Nikasema sawa mama, kama mtu anavyosema sawa huku akiangalia simu.

Nilifanya kazi ile likizo ya Juni, baridi ya Songea ikiuma vidole, na nilijiona nafanya jambo kubwa. Nilichukua kalamu nyekundu. Sikunakili pembeni kwanza, sikupiga picha kwanza. Nililisahihisha daftari lenyewe, kurasa zenyewe, kama ninavyosahihisha la mwanafunzi wa kidato cha pili. Shairi likiwepo mara tatu kwa sura tatu, nilichagua moja na kuzipiga mkasi nyingine. Maneno ya Kiyao niliyabadili yawe Kiswahili sanifu. Majibu ya wale wanawake, yaliyobanwa pembeni na chini ya kurasa, niliyaona yanavuruga. Yaliyokuwa mazuri niliyaingiza kwenye mashairi makuu kana kwamba ni ya mama. Yaliyopungua mizani niliyakata.

Halafu kulikuwa na yale ya penseli. Nilianza ualimu wangu shule ya msingi, na shule ya msingi penseli ni ya watoto wa madarasa ya chini. Mtoto hupewa ruhusa ya wino akishajua kuandika. Kwa hiyo nilipokuta pembeni mwa ukurasa herufi kubwa kubwa za penseli, zinazopanda na kushuka, sikujiuliza mara mbili. Nilijua ni mtoto wa mtu aliyelichezea daftari mama yake akipika. Mashine ya stesheneri, tulikopanga kukichapa kitabu, ingezitoa kama uchafu. Nikachukua raba nikazifuta, nikapuliza unga wake, nikaridhika na weupe wa karatasi.

Hilo nililifanya mimi, wa kurasa ishirini na mbili.

Siku ya sherehe wanawake walikuja na khanga zao bora. Kaka alitoa hotuba ndefu. Kila mmoja akapewa nakala, na nikawaona wote wanafanya jambo moja: hawakusoma mwanzo, walifunua moja kwa moja mahali walipojua pana ubeti wao. Mmoja akarudi nyuma ukurasa, akaenda mbele, akarudi tena. Mwingine alikifunga kitabu akakiweka chini ya kiti chake, kisha akala pilau yake taratibu kama mgeni wa mbali. Hakuna aliyenigombeza. Waliniaga kwa adabu zote, na adabu ile iliniudhi kuliko matusi, kwa sababu bado sikujua nimekosa nini.

Mama alivaa miwani, akasoma kurasa kumi hivi.

"Wenzangu wako wapi?" akauliza.

"Beti nzuri zote zimo, mama. Zipo kwa jina lako."

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyeandika haya yote."

"Ni heshima tu, mama. Kitabu lazima kiwe na mwandishi."

Akavua miwani. Toka siku ile daftari halikuazimwa tena na mtu yeyote. Zikapita harusi mbili mtaani kwetu, na kina mama wakaimba walichokumbuka kichwani. Mama hakulitaja. Kaka aliendelea kugawa kitabu kwa wanunuzi wenzake wa korosho, na kila nilipompigia simu kumwambia aache, alinijibu kwamba watu wamekipenda sana. Watu gani, sikuambiwa.

Miezi saba ilipita. Asubuhi moja ya Jumatano tukabishiwa hodi na mwanamke wa umri wangu, kutoka Namtumbo. Alimpigia mama magoti, "Shikamoo, mama," na mama akamshika kichwa kwa mikono miwili, maana alikuwa binti wa rafiki yake wa miaka mingi, mwanamke aliyekuwa akiuza ulezi sokoni na aliyefariki mwaka uliotangulia. Tulikunywa chai. Kisha mgeni akasema lililomleta.

Binti yake anaolewa Jumamosi. Marehemu mama yake alikuwa akimwambia kwamba maisha yake yote alitunga ubeti mmoja tu, kuhusu siku aliyomzaa yeye, na ubeti huo uko kwenye daftari la nyumba hii. Hakuwahi kumsomea. Alimwambia atausikia siku atakapomwoza binti yake mwenyewe, ndipo atauelewa. Marehemu hakuacha picha, hakuacha barua. Aliacha ubeti ule.

"Nimetazama kwenye kitabu sijauona," alisema. "Nikasema labda mliuruka. Ni wa penseli, mwalimu. Mama alijifunza kuandika kwenye kisomo cha watu wazima, na wino aliuogopa mpaka anaingia kaburini. Alikuwa anasema wino haukusamehi ukikosea."

Nilikwenda kabatini nikaleta daftari, nikafunua ukurasa ambao mikono yangu iliujua. Nikaenda nalo dirishani nikaliinamisha ili mwanga uje kwa ubavu, kama nilivyojifunza kuyasoma maandishi ya Waingereza yaliyofifia, kwa kutafuta mkwaruzo ulioachwa na ncha. Mkono wa mama yule ulikuwa mzito, alhamdulillahi. Nikaona "mvua". Nikaona "nikakushika". Baada ya hapo palikuwa na karatasi iliyochanika nyuzi kwa nguvu ya raba yangu. Nikainamisha upande huu, upande ule. Maneno mawili.

Ilinijia, na nakiri bila kujitetea, kwamba ningeweza kuutunga. Mizani nazijua, vina navijua, mvua ipo na kushika kupo. Mgeni asingejua, angelia, angeniombea dua. Nilikaa na wazo hilo labda kwa muda wa kugeuza ukurasa, na kilichonizuia si uadilifu. Niliona mama ananitazama.

"Nimeufuta mimi," nikasema.

"Umeufuta?" mgeni akauliza.

"Nilidhani ni wa mtoto."

Yule mwanamke aliangalia ukurasa, si mimi. Akaupitisha kidole pale palipochanika. "Alikuwa na miaka hamsini na mbili," akasema, "alipojua kuandika jina langu."

Natamani angenipiga. Nilitaka kumweleza kuhusu stesheneri, kuhusu kaka, kuhusu mashine inayoona penseli kama uchafu, na kila maelezo yaliyonijia yalikuwa ya kipumbavu kuliko yaliyotangulia. Nikawakasirikia wote. Nilimkasirikia kaka na ile picha ya mama aliyoitaka jaladani. Nilikikasirikia chuo kilichonipa alama ya juu kwa kumlilia mwanamke wa Kiingereza nisiyemjua jina, bila kuniuliza hata mara moja kama kwetu kuna anayeandika. Nilimkasirikia hata marehemu kwa kuogopa wino. Ndiyo, hata yeye.

Mama ndiye aliyesema. "Ubeti ninao."

Tukamgeukia.

"Aliniletea daftari akaniambia nikague kama herufi zimekaa sawa. Nikamsomea mwenyewe, mara nyingi tu. Alipenda kuusikia. Ninao."

Kabla hajamaliza nilikuwa nimeshavuta kalamu na karatasi. Hata sikufikiri. Niliona namna ya kurekebisha, nikaona ukurasa mpya, nikaona hata nitakavyoandika chini yake kwamba ubeti huu umepatikana kwa kumbukumbu ya fulani.

"Weka hiyo kalamu," mama akasema.

"Mama, acha niandike mara moja tu, nisibadili hata herufi."

"Iweke."

"Una presha, mama. Juzi ulisahau kama ni Ijumaa au Jumatatu. Ukisahau je? Ubeti utapotea kabisa."

"Nikisahau, nitakuwa nimesahau mimi niliyeujua." Hakupandisha sauti. Alimvuta mgeni akamkalisha mkekani karibu na miguu yake. "Wewe toka nje, mwanangu. Na mlango ufunge."

Nilitoka. Nina miaka arobaini na tisa na nilitolewa nje kwenye sebule ya mama yangu kama mtoto aliyevunja sahani, na nilikuwa na hasira mpaka meno yalikutana, kwa sababu nilikuwa na haki. Karatasi hukumbuka kuliko kichwa cha mwanamke wa miaka themanini. Hilo nalijua, na bado nalijua leo, na halikunisaidia kitu. Nilisimama uani karibu na kamba ya nguo. Sauti ya mama ilipita mlangoni, maneno hayakupita. Alisema mstari, yule mwanamke akaurudia. Mama akamkatiza akamrudisha mwanzo, bila haraka, akamrudisha tena. Walikaa hivyo mpaka adhana ya adhuhuri, kisha nikasikia mgeni anausema wote kwa mkupuo mmoja bila kukatizwa, halafu akalia.

Jumamosi gari lilikuja kumchukua mama kwenda Namtumbo. Mimi sikualikwa.