Ukingo Uliolimwa kwa Ngoma

Nakumbuka asubuhi moja ya mwanzo wa mvua, mwanangu, hapa hapa Igoma, wakati huo pakiwa mashamba matupu na ukungu wa ziwa ukipanda hadi mlangoni. Nilikuwa mke mgeni, mimba yangu ya kwanza haijaanza kuonekana. Enzi hizo Mwingereza alihimiza pamba, na mume wangu Masanja pamba ilikuwa imemwingia kichwani. Alikuwa amewaalika vijana wa kulima kwa ngoma.

Wewe hukuwaona. Wanajipanga mstari mmoja, ngoma inalia, majembe yanapanda na kushuka pamoja, nawe ukitazama unasinzia macho wazi. Ubaya wao ulikuwa mmoja tu: hakuna aliyekubali kuwa wa kwanza kuinua mgongo. Siku hiyo mpiga ngoma alinogewa, nao wakafika mwisho wa shamba wakapitiliza. Wakalima ukingo wa mama mkwe wangu.

Ukingo huo ulikuwa ardhi ya majani na vichaka, haikuguswa na jembe tangu yeye aolewe. Humo waliishi nyuki wadogo weusi, wasio na mzinga wala asali, kila mmoja na kitundu chake ardhini. Kila asubuhi walivuka kwenda kwenye maboga yake, na maboga hayo ndiyo yaliyotulisha miezi ya kungoja mtama. Mama aliutazama udongo uliopinduliwa, akawagawia vijana togwa yao. Mimi nilitamani agombe.

Masanja alisema kwa kuwa umeshalimwa, basi upandwe pamba. Ukapandwa.

Maboga yalitambaa vizuri, yakachanua shamba zima. Kisha vitoto vyake vikawa vinanyauka na kudondoka. Mama alikuwa akikaa katikati ya maua asubuhi, ameinamisha kichwa kama anayesikiliza watu wakizungumza mbali. Nilipomuuliza, alisema hakuna anayevuma.

Ndipo akanifundisha kuchuma ua dume, kulimenya, na kulipaka ndani ya ua jike kabla jua halijawa kali, maana maua hayo hufunga mapema. Tumbo langu likakua nikiwa nimeinama. Machache yalishika, mengi hayakushika. Nilikuwa na njaa, na nilimwogopea sana mtoto.

Asubuhi moja Masanja alinikuta nimepiga magoti, vidole vimejaa unga wa maua, akauliza nafanya nini. Mama ndiye aliyemjibu.

"Anafanya kazi ya nyuki, baba. Wenyewe umewalima."

Alisema kwa upole, kama anayemwelekeza mgeni njia. Masanja akaenda zake. Tuliposikia mashina yakikatika tukatoka kutazama: alikuwa aking'oa pamba yake mwenyewe, ikiwa na vitumba tayari, ukingo mzima. Majirani walisema amerogwa. Mimi siku hiyo nilimpenda kuliko siku aliyonioa.

Lakini nyuki hawakurudi mwaka huo, wala uliofuata. Majani yaliota polepole, vichaka polepole zaidi. Mama alifariki akiwa bado anapaka maua kwa vidole. Binti yangu alikuwa ameshaanza kukimbia siku nilipoinama kwenye ua nikakuta limekaliwa. Nyuki mmoja mweusi, mgongo wote unga wa njano, anavuma humo ndani bila wasiwasi. Niliita, "Mama, njoo uone," kabla sijakumbuka kwamba hayupo.

Basi mwanangu, lima. Sikukatazi pamba, imetuvisha. Ila kila shamba liachie ukingo usioguswa, na mtu akikuuliza unazaa nini, mwambie ni wa wenyewe. Kuulima ni kazi ya asubuhi moja. Kuurudisha ni miaka; Mama hakuishi akauona umerudi.

Mungu akupe mvua ya wakati wake na watoto wanaolala wameshiba, na wale wadogo weusi wasikukose hata asubuhi moja.