Vichupa Viwili Visivyo na Jina

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa penseli. Nilikuwa nimetegemea koti jeupe, maana nilitoka Busia ya Kenya na cheti changu cha ufundi wa maabara kikiwa ndani ya bahasha mpya, lakini makoti hayakuwapo. Vita vilikuwa vimekwisha mwaka mmoja tu nyuma, na hospitali ile ya Kampala, ambayo sitaitaja jina, ilikuwa bado imeziba madirisha kwa maboksi. Mume wangu alikuwa ametangulia kuja kuuza vipuri vya magari. Tulipanga chumba Kisugu, nami nikaajiriwa idara ya patholojia, mahali ambapo nyama iliyokatwa mwilini mwa mgonjwa huchunguzwa ili ijulikane ina ugonjwa gani.

Mkuu wa Maabara alikuwa mzee aliyefanya kazi miaka mingi katika hospitali za jeshi, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini.

"Nyabo, wewe naandika na nini?" aliniuliza, akiniita mama kwa Luganda.

Nikamwonyesha kalamu yangu ya wino.

"Hiyo rudisha kwa mkoba. Hapa nyama naoga spiriti. Spiriti nakula wino yote, nabaki karatasi nyeupe, halafu mgonjwa ya Mengo napewa saratani ya mgonjwa ya Jinja. Penseli, spiriti hapana weza."

Kisha akafungua droo na kutoa daftari lenye jalada gumu jeusi. "Hii ni kitabu ya makosa. Mtu nafanya kosa, naandika yeye mwenyewe, na mkono yake, naweka jina. Mtu hana jina hapa, mimi hapana amini yeye."

Nilidhani ananitania. Kabla ya mwezi kwisha jina langu lilikuwa ndani mara tatu.

Vijana wa leo wanaobonyeza mashine wakaenda kunywa chai hawatajua tulivyokuwa tukihangaika. Nyama ikifika tuliitumbukiza mara moja ndani ya formalini, dawa kali inayoizuia isioze na inayomtoa mtu machozi. Baadaye tuliipitisha kwenye spiriti ili itoke maji, tukaigandisha ndani ya nta, tukaikata kwa mikrotomu, mashine yenye kisu kinachotoa vipande vyembamba hata mwanga unapita. Kipande tulikitia rangi, kikaenda chini ya hadubini ya Profesa, mkuu wa idara yetu. Umeme ukikatika nta iliganda katikati ya kazi, tukaanza upya. Muda wote huo kijikaratasi cha penseli kilisafiri pamoja na nyama, humo humo ndani, hatua kwa hatua. Mzee Mkuu alikuwa akipita nyuma yetu na kuuliza, "Jina yake wapi?" na ole wako usiweze kumwonyesha.

Alipostaafu aliniachia lile daftari. Sikujua nifanye nini nalo, kwa sababu nami nilikuwa nahama. Nilifanya kazi miaka kadhaa katika maabara ya mtu binafsi kule Ntinda, chini ya Meneja aliyevaa tai hata siku za joto. Nilipomwambia kuhusu daftari la makosa alicheka. "Mama Auma, mteja akiona kitabu hicho atakimbia. Sisi hapa hatukosei." Nilivumilia, maana watoto walikuwa shuleni, lakini sikuwahi kulala vizuri nikiwa chini ya watu wasiokosea.

Nikarudi hospitali kubwa kwa sababu ya Daktari. Alikuwa binti wa Kiganda aliyekulia Nairobi, wazazi wake walipokuwa ukimbizini, kwa hiyo Kiswahili chake kilinyooka, na alinionea huruma kwa Luganda yangu ambayo inafaa kununulia nguo za mitumba soko la Owino tu. Alikuwa akitafuta shahada ya juu, na utafiti wake ulihusu vinyama vinavyoota ndani ya utumbo mpana, vile vidogo ambavyo bado havijawa saratani lakini vimeshika njia ya kwenda huko.

Nilimwambia nimevipasua vinyama vya namna hiyo vingi. Akaniambia, "Mama, wewe umeona sura ya kinyama. Mimi nataka kusikia kinasema nini."

Akanieleza, nami nawaeleza ninyi kama alivyonieleza. Kila seli ya mwili ina jeni zilezile, ambazo ni maagizo. Lakini seli haisomi maagizo yote kwa wakati mmoja. Agizo linaposomwa, seli hutoa nakala yake, nayo nakala hiyo inaitwa RNA. Ukipima RNA utajua jeni ipi inapaza sauti na ipi imenyamaza. Katika kinyama kichanga cha utumbo, jeni zinazoiambia seli igawanyike hupaza sauti, na zile zinazoiambia ikomae, ifanye kazi yake, ife kwa zamu yake, hufifia. Kwa hiyo kila mgonjwa alitoa vipande viwili: kimoja cha kinyama, kimoja cha utumbo mzima, usio na ugonjwa, ulio kando yake. Tulilinganisha.

RNA ni kitu cha deko. Formalini huiharibu, na hata jasho la vidole lina vimeng'enya vya kuila. Kwa hiyo mimi, niliyetumbukiza nyama katika formalini miaka ishirini, nilifundishwa upya. Kipande kiliingia kwenye kichupa kidogo cha plastiki, kichupa kikaingia kwenye naitrojeni ya baridi kali, na kila kitu mezani kikafutwa kwa spiriti. Kichupa hakikuwa na nafasi ya kijikaratasi. Tuliandika juu yake kwa kalamu ya wino, wino ambao dukani walituhakikishia kwamba haufutiki.

Mazoea yana taabu. Siku ya mgonjwa wa kumi na saba nilitoa vichupa vyake viwili kwenye baridi, vimejaa ukungu mweupe, nikavifuta kwa kitambaa chenye spiriti kama nilivyofuta meza. Nilipotazama, wino wote ulikuwa kwenye kitambaa. Vichupa vilikuwa vitupu nje, na ndani kila kimoja kilikuwa na punje iliyoganda, zote mbili kama makombo ya ugali.

Nilipaswa kumwita Daktari. Alikuwa chumba cha pili, mlango wazi. Niliona aibu, mimi niliyekuwa nikiwafokea wengine kuhusu penseli. Nikatazama ukubwa. Kinyama huwa kipande kidogo, nikajiambia, na kile kikubwa ndicho kizima. Nikaandika upya, tukasaga nusu ya kila punje, nusu nyingine nikairudisha kwenye baridi.

Majibu yalipokuja, Daktari aliniita mwenyewe. Macho yalikuwa yanang'aa.

"Mama, tazama kumi na saba. Kwenye kinyama, jeni za kugawanya zimenyamaza. Kwenye nyama nzima ndizo zinazopiga kelele. Amepinduka kabisa. Vitabu vyote vimeandikwa kwa kutazama wagonjwa wa Ulaya. Labda sisi tuna aina yetu."

"Labda," nilisema.

"Ijumaa namweleza Profesa na wageni. Nitaanza na huyu."

Nilikwenda nyumbani Kisugu nikapika, na chumvi nikaitia mara mbili. Nilijua alichokuwa ameshika. Hakikuwa ugonjwa mpya. Ilikuwa bahati yangu mbaya ya kukisia. Akisimama Ijumaa na kusema jambo lile, kisha mtu mwingine akapima asilione, jina litakalochafuka ni lake, na alikuwa bado hajalijenga. Na mimi je? Mkataba wangu ulikuwa wa kufanywa upya mwaka huohuo. Niliogopa sana, na sioni haya kusema hivyo. Lakini mficha uchi hazai, na kule Ntinda nilikwisha kuona maabara isiyokosea inavyokuwa.

Alhamisi asubuhi nilimwambia. Nilimweleza kitambaa, spiriti, ukubwa wa punje, yote.

Daktari akauliza, "Kwa nini hukuniita?"

"Niliona aibu."

"Nilikuwa hapo, Mama. Hapo tu."

Nilimwomba ruhusa nitumie zile nusu zilizobaki. Nilizikata zikiwa zimeganda, nikazitia rangi, nikamwekea kioo cha kwanza chini ya hadubini, kile nilichokuwa nimekiandika kizima. Hakukuwa na cha kubishana. Tezi za utumbo zilikuwa zimesongamana, viini vya seli vimekuwa virefu na vyeusi, vimepandana. Hicho ndicho kilikuwa kinyama. Kile cha pili kilikuwa na tezi zimepangana kwa adabu kama vifungo vya shati.

"Basi mgonjwa wangu ni wa kawaida," alisema, na sauti yake ikanichoma kuliko kama angenifokea.

Ijumaa alizungumza bila kumi na saba. Hakunisemesha wiki nzima ila kwa kazi. Nami nilichukua daftari jeusi nikaandika kwa penseli: "Vichupa viwili vilifutika. Nilikisia." Nikaweka jina. Tangu hapo maabara yetu haisagi nyama yoyote kabla kipande chake hakijatazamwa kwa hadubini, na namba inakwaruzwa kwa sindano kwenye plastiki yenyewe. Mkataba wangu ulifanywa upya. Sikuuliza nani alinisemea.

Nimestaafu sasa. Nikiulizwa kazi ile ilinifundisha nini, husema kwamba kinyama hubadilisha usemi wake mapema, jicho likiwa bado halijaona kitu cha kuogopesha, na kwamba hata kosa la mtu huanza hivyohivyo. Langu lilianzia kwenye mlango uliokuwa wazi nikashindwa kuita.

Siku ya kuniaga, Daktari, ambaye siku hizi ni Profesa, aliinuka kunisifu. Nilitegemea yale ya siku zote, bidii na uaminifu. Badala yake aliomba daftari jeusi, akalifungua kwenye ukurasa ule ambao sikuwa nimeutazama kwa miaka. Akaniomba penseli. Aliandika chini ya mstari wangu, akanigeuzia nisome.

"Nilitaka iwe kweli. Sikumuuliza Mama swali hata moja."

Akaweka jina lake, kisha akanirudishia penseli yangu.