Nilivyompa Mjojia Kaka Asiyemtaka

Niliondoka Dar es Salaam kwa sababu mpwa wangu Neema aliniomba, na kwa sababu nilitamani kuitwa tena mtaalamu wa Urusi. Nilisoma Moscow ujanani, dola lile kubwa la Warusi likiwa limeshavunjika na majimbo yake yamegeuka nchi. Tangu nirudi, elimu hiyo haijahitajiwa na mtu. Neema anasomea shahada ya uzamivu Guangzhou, China, na tasnifu yake inahusu Urusi na nchi hizo jirani zake. Sura ya Jojia ilikwama: alihitaji mwenyeji wa kumpokea Tbilisi, mji mkuu wake, kwa utafiti. Profesa Nino, Mjojia, alikuwa amekuja Guangzhou kwenye kongamano. Kazi yangu ilikuwa kumchangamsha mezani.

Nilipotua uwanja wa ndege wa Baiyun asubuhi sikuwa na hakika kama nimeamka. Neema alinipokea, na treni ya chini ya ardhi ilitubeba kimyakimya, kama tumo katika ndoto ya mtu mwingine. Tulipoibuka Xiaobei, mtaa wa wafanyabiashara wa Kiafrika, manyunyu yalikuwa yamelainisha magorofa, na ndani ya ukungu nikasikia Kiswahili: mama mmoja akimwambia mwenye duka kwamba jinzi hizi hata Kahama haziuziki.

Mchana tulikuwa mgahawani, Barabara ya Huanshi ya Kati. Neema alimwalika pia Oleg, mhadhiri Mrusi mpole, mkubwa kwetu sote kwa umri. Nikafanya kama tufanyavyo nyumbani. Nilimpakulia mkubwa kwanza, nikamketisha Nino kando yake, kisha nikamwambia, kwa Kirusi changu chenye kutu, amsalimie kaka yake mkubwa. Kwetu hiyo ni heshima. Unampa mtu wa kumtegemea.

Nino aliweka vijiti chini.

“Ndivyo Warusi walivyojiita,” alisema kwa Kiingereza, taratibu. “Kaka mkubwa. Walikaa kwetu bila kualikwa, na walipoondoka mguu mmoja waliuacha ndani ya mlango.”

Oleg alinong'ona kuwa walijenga barabara. Nino akamjibu kuwa mwenye nyumba hakuulizwa zipite wapi. Nikafungua mdomo kusuluhisha.

“Mjomba, nyamaza,” alisema Neema kwa Kiswahili. “Unanimaliza.”

Kisha akamgeukia Nino. Alikiri kwamba sura yote ameiandika kwa vitabu vya Moscow, na kwamba anaona haitoshi. Nje, mvua iliteremka kiooni polepole hata nikadhani inapanda.

“Basi jifunze Kijojia,” alisema Nino mwishowe. “Usije kutusoma ukiwa umekaa sebuleni kwa jirani. Ukianza sasa, mwakani nitakupokea.”

Neema aliuliza kama mjomba wake naye anakaribishwa.

“Aje kula. Asimtambulishe mtu.”

Siku ya kurudi, Neema alinisindikiza Baiyun. Ndani ya treni alichora herufi za Kijojia kwa kidole kwenye kioo chenye mvuke, za mviringo kama shanga. Nilijitolea kumsaidia; akacheka mpaka abiria wakageuka.

Nyumbani wananiuliza nimejifunza nini. Nimejifunza kwamba nchi hizo nimezitazama maisha yangu yote kupitia dirisha la Moscow, na dirisha hilo nikaliita elimu.