Redio ya Machinjioni

Shangazi yangu alikuwa na mdomo usiojua likizo. Pale machinjioni tulimwita Redio. Alisimama kwenye beseni la kuoshea matumbo, maji yakimlowesha mpaka magotini, na tangu ng'ombe wa kwanza anaangushwa hadi wa mwisho anapakiwa, yeye alitangaza: nani kaachwa, nani kaoa tena, nani kajenga choo bila mlango. Ng'ombe wanakoroma, shoka linapasua mbavu, na sauti yake iko juu ya yote.

Jambo moja tu hakulitangaza. Alikuwa Mkristo wa kufunga na kuomba, lakini akifika getini imani yake aliiacha nje. "Watanicheka," aliniambia. "Kutwa tumo kwenye damu na matusi, halafu nianze habari za Yesu? Niache." Liliniudhi sana hilo, na nilimwambia. Akanisonya.

Aliyefanya kazi karibu naye alikuwa mchunaji wa ngozi, jina la utani Wembe. Aliwahi kumvunja mpagazi taya kwa kosa la kumkanyaga mguu. Lakini kwa shangazi alikuwa mpole, akimwita mama, na kwa miaka kumi alichuna huku akimsikiliza.

Siku moja Wembe alikuja macho mekundu. Mdogo wake, seremala mwenye karakana nyuma ya soko, alikuwa ameuza nyumba ya marehemu mama yao kimyakimya.

"Leo kuna mtu namchinja," Wembe alisema, akinoa kisu.

Tukacheka. Machinjioni tunatishiana kuchinjana kama wengine wanavyojuliana hali. Shangazi ndiye aliyecheka zaidi. "Basi uniletee utumbo wake niuoshe!"

Kwetu kuna sheria moja: kisu hakitoki getini. Kila kisu kina msumari wake ukutani. Tulipokuwa tunavua mabuti, shangazi alitupa jicho ukutani, akanyamaza. Msumari wa Wembe ulikuwa mtupu. Akatoka mbio na aproni yake, nami nyuma yake.

Tulikuta maranda ya karakana yamelowa damu. Seremala alikuwa chali, paja limepasuliwa, amekumbatia stuli kujikinga. Wembe aliinyakua, akamtwanga nayo mdomoni, meno yakaruka. Akamkalia kifuani na kuinua kisu. Shangazi hakupiga kelele. Alikidaka kisu kwa kiganja, kwenye makali, akakaza. Damu ikamtiririka mpaka kwenye kiwiko.

"Mwanangu, usiue. Yesu anakupenda. Alikufa kwa ajili yako, hata kwa hili."

Wembe akamgeukia. "Nani?"

"Yesu."

"Wewe unamjua?"

"Namjua. Tangu nikiwa msichana."

Nilidhani atamkata vidole. Badala yake alimlilia. "Mama, miaka kumi! Umenisimulia mpaka kuharisha kwa mbuzi wa jirani yako. Hili hukuniambia? Nilikuwa nikitoka kazini naenda kumpiga mke wangu, kisha nalala natamani nisiamke. Na wewe unamjua wa kunisaidia, umekaa naye kimya?"

 Nilimwonea shangazi huruma, na hasira pia.

Kisu kikaanguka. Nilimvuta seremala pembeni, nikamfunga paja kwa aproni yangu. Alikuwa hai, anagugumia jina la mama yao. Lakini nje soko zima lilikuwa limekusanyika na marungu na mawe. "Mtoeni muuaji! Mtoeni tummalize!" Shangazi akaukomea mlango, akausukumizia na meza ya kurandia. Jiwe likaingia dirishani, likampasua Wembe paji la uso. Hata hakujipangusa. Aliteleza na ukuta, akakaa sakafuni.

"Sema basi, mama," alisema. "Sema haraka, kabla hawajaingia."

Shangazi akapiga magoti kwenye maranda mbele yake, akamshika mkono kwa kiganja kile kilichopasuka. Hakuwa na nafasi ya kuanzia kwa Adamu. Alianzia msalabani, kwa yule mhalifu aliyetundikwa kando ya Yesu akaahidiwa pepo siku ileile, na ilimbidi apaze sauti, maana ubao wa kwanza wa mlango ulikuwa umeshapasuka.