Boriti ya Milango Sita

Majina ya majirani zangu ninayo yote kichwani, na ya baba zao, na ya watoto wao waliozaliwa wakafa. Siyaandiki. Hawastahili kukaa humu.

Nyumba yetu ni moja ndefu ya milango sita, ilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa mgodi hapa Mpanda. Mgodi ulipokufa tukauziwa, kila familia na mlango wake na hati yake. Mimi mlango wa tatu. Kuta zinazotugawa zinaishia kwenye dari, juu yake ni uwazi mtupu. Panya anaanza safari mlango wa kwanza anafika wa sita bila kubisha hodi. Mgongo wa paa nao ni boriti moja, mbao zimeungwa kwa bolti mwanzo hadi mwisho.

Mwaka huo mchwa wakapanda kwangu. Udongo ukawa unadondoka kwenye ungo napeta mchele. Fundi akapanda juu, akachoma boriti kwa bisibisi, ikazama kama kwenye ugali.

"Bibi, hii haibadilishwi mlango mmoja. Imetafunwa mpaka kwa jirani. Mchange wote, mvua hazijaanza."

Sikutaka makubwa. Mume wangu alifia chumba kile, na mimi nilitaka nifie palepale, pakavu.

Nikawaita majirani uani. Karani mstaafu wa mlango wa nne ndiye akajifanya msemaji wa wote.

"Bibi, hebu lete hati yako."

Nikaleta. Shule mimi niliishia la pili, anajua.

"Hapa pameandikwa namba tatu. Mchwa wametokea wapi? Namba tatu. Sasa sisi tunaingiaje?"

"Paa ni moja, baba."

"Paa moja, milango sita. Kila mtu na mchwa wake!"

Wakacheka. Hata yule mama wa mlango wa kwanza, ambaye mtoto wake wa mwisho nilimpokea kwa mikono yangu hii, alicheka mpaka akafuta macho.

"Na mkeo alipofariki," nikamuuliza karani, "unga tuliochanga ulikuwa na namba ya mlango?"

"Usiniletee msiba hapa. Tunaongea nyumba."

Wakaondoka. Nyie, binadamu!

Kesho yake mchana nikasikia msumeno juu ya dari. Nikatoka nje, nikaita. Karani alikuwa amepanda mwenyewe, anakata boriti hapo juu ya ukuta wetu.

"Unafanya nini?"

"Natenganisha. Mchwa wako wabaki kwako."

"Utatuangusha, wewe!"

"Mtu wa la pili unifundishe mbao?"

Akatoa kipande cha urefu wa mkono, eti mchwa wasipate pa kuvukia. Akakitupa uani kwangu.

Mvua ya kwanza ikaja na upepo. Upande wake ulilala kwanza, mabati yakavuta wa kwangu, na wa tano ukafuata. Kitanda cha marehemu kikalowa, godoro nikalitupa. Ghafla paa likawa letu! Wakachanga wote sita, bila mtu kuitisha hati ya mtu, boriti mpya ikapita juu ya vichwa vyetu kutoka mwanzo hadi mwisho.

Paa lilipokwisha karani akaja mlangoni kwangu.

"Bibi, yaliyopita yamepita."

"Yamepita kwenda wapi? Yako hapo uani."

Kile kipande sikukichoma moto. Nimekipaka oili chafu, nimekiweka juu ya matofali mawili, ndicho kiti changu. Nachambua maharage nimeelekea mlango wake. Kila asubuhi akitoka lazima anipite.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

Naitikia kwa sababu mama yangu alinilea. Lakini kusogea, sisogei.